Mabingwa wa Daraja la Vilarmeán

Benchi la mawe la baa ya Herminda liko kichwani mwa daraja, na wanaolikalia ni mabingwa wa kila kitu. Mji wa Vilarmeán uko ng'ambo. Katikati pana mita mia tatu na ushei za saruji, na chini yake shimo la kumeza mnara wa kanisa likabaki na njaa, lenye maji ya bwawa. Mahujaji wote waendao kanisa kuu la Santiago hupita hapo kwa miguu, na mabingwa huwatoa kasoro za mwendo huku wakinywa kahawa yenye tone la gongo la zabibu. Bingwa wa mabingwa ni mzee Sindo, miaka sabini na miwili, jina la kijiweni Kengele, kwa kuwa hupiga kengele ya kanisa dogo la upande huu, na kwa kuwa hanyamazi. Asubuhi moja ya Septemba mwanamke wa Murcia, kule kusini, aliingia darajani mara tatu, akarudi mara tatu. Ya tatu akajitupa benchini, uso mweupe kama jibini.

— Naitwa Fuensanta, alisema. Mjukuu wangu alizaliwa hajafika hata kilo. Nikaweka nadhiri: akipona, naenda Santiago kwa miguu, kila hatua. Kapona, ana mashavu kama maandazi. Nimetembea wiki nne nzima. Leo, mbele ya shimo hili, miguu imegoma.

— Panda gari, alisema Moncho, jina la kijiweni Posta, maana alisambaza barua miaka thelathini. Dakika moja tu, nani atajua?

— Mtoto atajua! alimkata Herminda, mwenye baa, ambaye huitwa Redio. Nadhiri haipandi gari, Posta. Kunywa, mama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Sasa Redio, mtu anaogopa kuanguka majini, wewe unamwambia aoge?

— Nimesema methali, sijasema aruke!

Fuensanta alicheka kidogo, akanywa.

— Dawa yake ni kutazama mbele, Posta aliendelea. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Si ndiyo shida yake hiyo, anatazama! alisema Redio. Mama, vuka kinyumenyume. Hofu itakutafuta mbele isikuone.

— Kinyumenyume si atarudi Murcia?

Sindo alikohoa. Alikuwa amekaa kama alivyozoea miaka yote, mgongo kaupa daraja.

— Nyamazeni mabingwa wa uji. Mimi daraja hili nimelivuka kwa baiskeli, mikono hewani, napuliza zumari. Siri ni uzito. Upepo huchukua wepesi. Jaza mawe mifukoni, kilo tano huku, tano huku.

— Na ukianguka nayo? aliuliza Posta.

— Si utafika haraka? Bora zaidi, mama, ng'ombe. Nilimpitisha ng'ombe wangu Marela hapa, mkia wake nimeukamata, macho kwenye makalio yake. Makalio ya ng'ombe ni mapana, hakuna shimo litakaloonekana nyuma yake. Upande wa pili nilifika nimesinzia.

— Marela si alikufa kabla daraja halijajengwa?

— Wewe ulimzika?

Fuensanta aliweka kikombe chini. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayetafuta mlango.

— Na nyinyi mkivuka kwa miguu, huwa mnafanyaje?

Sasa, kwetu Galisia ukimuuliza mtu saa ngapi, atakuuliza una haraka ya nini. Swali hulipwa kwa swali, ndivyo tulivyolelewa. Sindo alifungua kinywa alipe. Akamtazama Redio, ambaye mkate huletewa mlangoni toka ng'ambo. Akamtazama Posta, aliyesambaza barua zake zote kwa gari la posta. Posta akatazama viatu vyake.

Kwa mara ya kwanza maishani, Sindo alijibu.

— Sijawahi, mama.

— Hujawahi?

— Nikienda mjini hulala kiti cha nyuma cha gari la mpwa wangu, koti kichwani. Kijiji chetu kiko humo chini ya maji. Nilikuwa na miaka tisa walipofunga bwawa. Maji yakipungua kama sasa, bomba la moshi la jiko la mama linachomoza. Naogopa kuliona, basi.

Hakuna aliyemcheka. Redio alishika ncha ya aproni akafuta benchi, japo lilikuwa safi.

Fuensanta alisimama, akavaa mkoba wake wenye gamba la chaza nyuma, alama ya mahujaji.

— Basi njoo tuvuke. Mimi nitashika mkono wako, na wewe utanisimulia kijiji. Sitatazama chini, nitasikiliza.

Sindo akaupokea mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko wake, akauonea huruma. Wakaingia, Fuensanta hatua moja mbele. Alikazia macho gamba likiyumba, akataja nyumba moja moja: hapa kwa mfua chuma, hapa tanuri la mikate, hapa kwa kina Redio, walikuwa na mbwa mwizi. Katikati akasimama.

— Hapa? Fuensanta aliuliza.

— Hapa.

— Mama alikuwa anapika nini?

Sindo akatazama. Bomba la moshi lilikuwa pale, dogo, na ndege mmoja juu yake anajikausha mbawa.

— Supu ya sukumawiki na viazi, alisema. Chumvi ilizidi siku zote.

Kisha wakaendelea hadi mwisho.

Ng'ambo Fuensanta alimbusu mashavu yote mawili, akalia, akacheka, akakaza kamba za viatu. Kisha akamuuliza:

— Na wewe sasa utarudije?

Sindo aligeuka. Kule upande wa baa, hatua kumi ndani ya daraja, Redio alikuwa anakuja na sinia la kahawa, polepole kama mwenye kubeba maiti, na nyuma yake Posta, kashika kamba za aproni, macho kayafumba.