Miaka Thelathini na Minne ya Unga na Maji

Kwanza naomba radhi. Katekista anayetunza jarida letu aliniomba maneno haya tangu kabla ya Pasaka. Akanikumbusha mara tatu, mara ya nne akaacha kunikumbusha, akawa ananiangalia tu. Mwanangu anaota meno. Naandika mstari mmoja, naenda kumbembeleza, nikirudi sijui mstari wenyewe ulikuwa unaelekea wapi. Lakini kuchelewa si kusahau, na huyu ninayemwandika hasahauliki.

Tarehe 30 Juni Mama Hostia anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuoka hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, za parokia yetu, na chumba chake ananiachia mimi. Jina lake la ubatizo liko kwenye daftari la ofisi. Kwingine kote, hata kinywani mwa paroko, yeye ni Mama Hostia.

Kwa wasioijua kazi yake: nyuma ya sakristia, pale padri anapovalia Misa, kuna chumba chenye dirisha moja, meza, kabati la mbao, vigoda viwili, na chuma cha umeme chenye mabamba mawili mazito, moja limechongwa misalaba. Kinachoingia ni unga wa ngano na maji, basi. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna mafuta. Unamimina uji, unafunga mabamba, baada ya dakika mbili unatoka mkate mwembamba kama karatasi, mkavu, ukiushika vibaya umekwisha. Unaulaza kabatini katikati ya taulo mbichi mpaka kesho yake ulainike, ndipo unakata hostia moja moja kwa kikatio. Zile kubwa za padri hukatwa mwisho, mkono ukishatulia.

Alianza akiwa bibi harusi wa miezi minne, akipiga deki sakristia. Mtawa aliyekuwa akioka alihamishwa, akamwachia chuma na mafunzo ya wiki mbili. Tangu hapo hakuna Jumapili hata moja altare yetu iliyokosa mkate. Umeme ulipokatika wiki nzima, alioka kwa chuma cha zamani cha mkaa, hostia zikatoka na harufu ya moshi, na paroko wa wakati ule akasema Jumapili hiyo hakuna haja ya kuchoma ubani. Cheti alichopewa na askofu amekibandika ndani ya mlango wa kabati, eti ukutani kingeharibiwa na mvuke. Nadhani aliona aibu tu.

Kwenye Misa hukaa benchi la pili, sikio limeelekea altare. Padri anapoivunja ile hostia kubwa, yeye husikiliza. Ikilia vizuri, anatabasamu. Ikinyong'onyea, sisi wa chumba cha nyuma tunajua Jumatatu kuna kesi. Baada ya hapo, akienda kupokea, anabadilika kabisa. Siku moja nilimtania kwamba labda pale mbele anaonja kama tulikosea kipimo. Hakucheka. Alisema akifika pale hajui habari za unga tena. Mkate aliuoka yeye, lakini anayempokea ni Bwana, na Bwana haonjwi kama mboga.

Chumba chake kina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ukiwa umekosana na mtu, hugusi unga. Asubuhi moja nilifika uso umevimba kwa hasira, nimetoka kujibizana na mama mkwe kuhusu namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Mama Hostia alinizuia mlangoni, mikono nyeupe kwa unga, akaniambia nirudi nikamwamkie kwanza. Nikamwambia unga haujui kama nimegombana. "Unga haujui, mama, lakini mimi najua," akasema, akafunga mlango. Nilirudi, nikaamkia, nikala kiporo cha maneno yangu mwenyewe. Leo ni mama mkwe huyo huyo anayemshika mtoto kila Alhamisi ili nioke.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Mumewe, seremala mnayemfahamu, ni Mlutheri. Ndoa yao ilifungwa hapa kwetu kwa ruhusa ya askofu, na tangu hapo kila Jumapili wanatoka nyumbani pamoja, wanatembea pamoja mpaka pale kwenye kona, yeye anaingia geti letu, mzee anavuka barabara kwenda la kwao. Kila kanisa lilikuwa na watu wa kumshauri mmoja amvute mwenzake. Wakachoka kushauri. Kikatio tunachotumia, mpini wake aliuchonga seremala. Kabati ni lake. Kuchekecha unga alikuwa akimsaidia mkewe kila wiki. Kwa hiyo mkate anaupika naye, na kwenye meza ya Bwana hawaketi pamoja. Watu humsifu Mama Hostia kwamba amelizoea hilo. Mwenyewe husema hajalizoea, linauma kila Jumapili, na anayesema haliumi labda hana mume anayempenda. Wamebatizwa wote wawili, ni ndugu katika Kristo. Ushirika wenyewe ndio bado haujakamilika, na hilo ndilo analoomba kila mara akishapokea. Mzee naye, ng'ambo ya barabara, huomba hilo hilo. Hawajawahi kuonyeshana vidole.

Sasa nifike kwenye jambo langu, maana nisipoliandika mimi, wengine watalisimulia vibaya.

Mwaka jana, wiki ya Komunyo ya Kwanza, aliniachia chumba peke yangu kwa mara ya kwanza. Watoto sitini na wanne, Misa tatu, hostia elfu moja na mia nane. Wiki hiyo hiyo nilikuwa najiandaa kwa ubatizo wa mwanangu, na shoga yangu aliniletea mfuko wa unga wa keki, ule uliokwisha changanywa hamira kiwandani. Nikauweka mezani karibu na mfuko wa parokia. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Nikaoka Alhamisi nzima, mikate inatoka laini, imenona, najisifu moyoni kwamba nimemzidi mwalimu.

Ijumaa asubuhi Mama Hostia alichukua mmoja, akauvunja, akauinua dirishani. Vitobo vitobo kama sifongo. Akautazama ule mfuko wa unga wa keki, mtupu. Akanitazama. Mimi nikaelewa kabla hajasema. Hata moja haikufaa kwenda altareni. Nilitoa ufunguo wa chumba mfukoni, nikauweka mezani, nikamwambia atafute mwingine, mimi ni wa kupiga deki. Akauchukua ule ufunguo, akamshikisha mwanangu aliyekuwa mgongoni mwangu, naye akauingiza mdomoni. "Haya, mwenye ufunguo ameshapatikana," akasema. "Washa chuma."

Tulioka Ijumaa kutwa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kukata, na akina mama wetu wote walikuwa wamebanwa na mapambo na viti vya wageni. Seremala alisikia, akavuka barabara. Akarudi na akina mama watatu wa kwaya ya kwao, bado wameshika madaftari ya nyimbo. Vigoda viwili tulivikalia mimi na Mama Hostia, kwa kuwa ndio tuliokata. Wa kwanza alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wa pili juu ya debe la unga, wakawa wanachambua na kuhesabu. Wa tatu, mnene mwenye kucheka sana, alisimama na mtoto wangu kiunoni, akipepeta makombo kwa mkono mmoja.

Huyo wa tatu ndiye aliyeuliza. "Mama, si ndizo hizi mnazotunyima?"

Wenzake wakamwambia anyamaze. Mama Hostia aliweka kikatio chini. Akaokota vipande vya pembeni vilivyobaki baada ya kukata, akawagawia kila mmoja, akala na yeye. "Hapa bado ni mkate. Kuleni. Ile ya kule altareni siyo yangu kuigawa, dada, na nikisema hainiumi nitakuwa nimekudanganya. Siku tutakayoruhusiwa kuila pamoja, nitaoka mimi. Hata kama nimestaafu, mtanibeba."

Kisha yule mnene akasema atambeba yeye, uzito anaujua, na kazi ikaendelea kwa kicheko. Saa kumi jioni hostia zilikuwa elfu moja na mia nane, na ishirini za akiba. Zile zangu za vitobo hazikutupwa. Zilikuwa mkate tu, hazijafika altareni, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada zilitolewa uani kwa watoto wa makanisa yote mawili, wakazigombania kama peremende. Na kwa kuwa unga wa keki ulikwisha, keki ya ubatizo wa mwanangu niliipika kwa unga wa parokia. Ilitoka kama ubao. Seremala alisema ameshapiga randa mbao laini kuliko ile, akaomba kipande cha pili.

Huyo ndiye Mama Hostia. Amefundisha wanawake kumi na mmoja, amewapa mkate watu ambao wengine wamezaliwa, wamekomunika na kuzikwa mikononi mwa kazi yake, na hajawahi kuhubiri. Parokia hii inaona fahari, nami zaidi.

Mama, asante kwa chuma, kwa ufunguo, na kwa ule mlango ulionifungia. Wewe na mzee mnakokwenda kwa binti yenu, Mungu awape afya, usingizi wa mchana, na kona fupi kati ya makanisa yenu.

Nawe mwenyewe uliniambia niseme ninachohitaji, nisione haya. Baadhi ya vitu mmeshavifunga kwenye masanduku, na Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo ya mwakani nataka inikute nimejiandaa. Niachieni kikombe cha kupimia, kile cha bati chenye alama ya msumari, bila hicho uji wangu ni wa kubahatisha. Chekecheo dogo. Taulo mbili za kabatini, zile za bluu. Na mzee anichongee vigoda vitatu, kimoja kiwe kipana. Akina mama wa ng'ambo wamesema watakuja tena kukata, nami sitawakalisha kwenye ndoo.