Mstari wa Juu

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa hospitali yetu, mzee wetu fundi mkuu, wafanyakazi wenzetu:

KARIBU

Sisi mafundi wanawake wa karakana ya vifaa tunakukaribisha kwa mikono miwili, japo mmoja una grisi. Umefika ghorofa ya nne kwa lifti bila kutoa jasho. Tumefurahi kuliko unavyodhani.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na mmoja iliyopita aliingia karakana hii mwanamke wa kwanza, dada yetu mkubwa, tunayemwita Mama Fyuzi. Kadi ya kila kazi ina mistari miwili ya saini: juu fundi, chini msaidizi. Siku ile alitengeneza mashine ya oksijeni peke yake. Fundi mkuu akamwambia, "Mama, we saini hapo chini tu, ndio utaratibu." Akasaini. Nasi tuliomfuata tukasaini hapo hapo.

TULIYOFANYA

Leo tuko watano, na hakuna wodi isiyotujua. Jana lifti ilikwama. Mama Fyuzi na mdogo wetu mmoja waliitengeneza kabla ya chakula cha mchana, kisha kwa mazoea wote wawili wakasaini chini. Kwa hiyo, mgeni rasmi, umepandishwa na wasaidizi wawili, fundi hayupo! Tulicheka mpaka machozi. Mama Fyuzi akauliza, "Jamani, mimi msaidizi wa nani?" Swali hilo lilituuma.

CHANGAMOTO

Fundi mkuu anastaafu mwezi ujao. Anayetaka nafasi yake huhesabiwa kadi alizosaini juu. Mama Fyuzi hana hata moja. Mzee mwenyewe alituambia jana jioni, "Hayo ya kusaini chini niliyaanzisha mimi. Yaandikeni, nitakaa mbele nisikie." Tumeyaandika, mzee wetu, na tunakushukuru.

MAOMBI

Hatutaki kubebwa. Tunaomba wodi ziulizwe nani alitengeneza nini, kadi zirekebishwe kabla orodha ya waombaji haijafungwa Ijumaa. Tunaomba pia ovaroli za saizi zetu. Tumechoka kukunja mikono.

La leo ni dogo. Kadi ya lifti tunayo hapa, na mstari wa juu uko wazi. Mama Fyuzi amekaa safu ya pili na kalamu yake. Mgeni rasmi, mwite mbele asaini, sote tukiona.

Mungu akuzidishie afya na akushushe salama. Lifti tumeikagua tena asubuhi hii.

Ni sisi, Mafundi Wanawake wa Karakana.
Risala hii tumeisaini sote watano, mstari wa juu.