Bi Grisi Anakabidhi Ufunguo wa Gari Dogo

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, dereva na fundi wa kituo chetu cha afya ya mama na mtoto anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye faili wachache wanalikumbuka. Sote, kuanzia msimamizi wa kituo hadi akina mama wanaokuja kliniki, tunamwita Bi Grisi, na hata yeye akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo bila kupepesa macho.

Jina alilipata siku ya usaili. Gari la kituo lilikuwa limegoma kuwaka pale langoni, naye ndiyo kwanza anafika. Akafungua boneti, akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri, likawaka. Dakika chache baadaye akaingia chumba cha usaili katika gauni lake zuri, mikono ameificha mgongoni kama mwanafunzi aliyechelewa, akakataa kumpa yeyote mkono. Walipomuuliza kulikoni, akawaonyesha viganja vyeusi kwa grisi. Usaili ukaishia hapo.

Gari lenyewe halikuwa jipya hata siku hiyo. Ni dogo, jeupe, na watu wanne wakikaa ndani wanapumua kwa zamu. Kazi yake ni kutupeleka wakunga majumbani kwa akina mama waliojifungua, pamoja na mizani, chanjo na mikoba yetu. Magari ya rika lake yaliyokuwa mtaani siku hizo mengi yameshauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Hili bado linapanda mlima.

Siri yake ni ya kawaida kabisa, na pengine ndiyo maana inawashinda wengi. Bi Grisi hakungoja gari liumwe. Kila Jumatatu kabla ya chai alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakizamisha tena na kukitazama dhidi ya mwanga kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Alipima upepo wa tairi zote, hata ya akiba, ambayo alisema watu huikumbuka ikiwa imeshachelewa. Rejeta aliifungua injini ikiwa imepoa tu. Mfamasia wetu, mtu wa haraka, aliwahi kuinyooshea mkono ikiwa inatokota. Alipigiwa ukelele mmoja, na hadi leo akipita karibu na boneti hutia mikono mfukoni.

Lakini tukimsifia kwa mazuri matupu atatucheka, maana mwenyewe hupenda kuisimulia siku ya mteremko, na ameniruhusu niiandike.

Mwaka ule mume wake alilazwa hoi kwa maradhi ya figo. Asubuhi Bi Grisi alikuwa hospitali, mchana barabarani, jioni hospitali tena. Alikula akiwa amesimama. Mafuta ya breki yalikuwa yamekaa kupita muda wake, yamekuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Aliyaona, akasema moyoni: wiki ijayo.

Mchana mmoja tulikuwa tunamrudisha nyumbani mama aliyejifungua salama baada ya ujauzito uliotutoa jasho sote. Anaishi bondeni, na barabara ya kwenda huko ni mteremko mrefu wenye kona. Mimi nilikaa naye kiti cha nyuma, mtoto nimempakata, mama amesinzia. Mbele yetu lilikuwepo lori la mawe linalotambaa, kwa hiyo njia nzima breki zetu zilikuwa kazini. Lori lilipokata kuingia barabara ya kando, gari letu likaanza kuchanganya mwendo. Bi Grisi akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi sakafuni, laini, kama mtu aliyekanyaga tope.

Hakupiga kelele. Kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya nyanya, alisema, “Mkunga, mshike mtoto vizuri.”

Akashusha gia hadi ya tatu, kisha ya pili. Injini ikalia. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, asiifunge ghafla gari likatuzunguka. Mwendo ulipungua, ila haukuisha, na chini kabisa tuliona soko limejaa watu na meza zao hadi ukingoni mwa lami. Kabla ya soko kuna karakana ya kupasua mbao. Lango lilikuwa wazi. Bi Grisi akashikilia honi, wapasuaji wakatawanyika, akakata kona na kulizamisha gari kwenye rundo la maranda, pua hadi kioo cha mbele.

Mtoto hakuamka. Mama yake ndiye aliyefumbua macho, akayatazama maranda yaliyojaa kiooni, akauliza, “Tumefika?”

Tulicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Bi Grisi alimkagua mtoto, akamkagua mama, akanikagua mimi. Kisha akakaa juu ya gogo, na mpasuaji mmoja akamshikia kikombe cha maji anywe.

Jioni ile alisimama mbele ya msimamizi, maranda bado yamo nywelini. Tulijua msimamizi alikuwa ameshashauriwa kuliuza gari na kusimamisha ziara za majumbani. Tulijua pia kwamba Bi Grisi angeweza kusema gari ni zee, na hakuna ambaye angembishia.

“Gari halina kosa,” alisema. “Mafuta ya breki yalichakaa, nikayaona, nikayaacha. Kwenye mteremko yakachemka. Nimekuja uniambie kama kesho nije kazini.”

Msimamizi wetu si mtu wa maneno mengi. Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Sisi tulikuwa tunasikiliza mlangoni.

“Mumeo anaendeleaje?” aliuliza.

Bi Grisi, ambaye mteremko mzima hakutoa chozi, alilia hapo.

Alipewa mapumziko ya nusu siku kila siku hadi mume wake atoke hospitali; mtaalamu wa maabara akaendesha badala yake. Gari halikuuzwa. Lilipumzishwa hadi breki zote zikafumuliwa, mafuta mapya yakatiwa, upepo ukatolewa kwenye mabomba, pedali ikarudi kuwa ngumu kama inavyotakiwa. Na amri moja ikatoka: siku ya matengenezo gari haliguswi, mwenye safari atembee. Wa kwanza kuumizwa na amri hiyo alikuwa msimamizi mwenyewe, aliyekwenda mkutanoni kwa miguu akiwa na viatu vipya. Alirudi amevishika mkononi, akampungia Bi Grisi kwa hivyo viatu.

Mume wake alipona. Hivi sasa ndiye anayemletea chakula cha mchana, na hulalamika kwamba mkewe humsikiliza kifua kama anavyosikiliza injini. Mtoto wa siku ile anasoma, na mama yake alirudi kwetu kujifungua wengine wawili, kila mara akiomba arudishwe na dereva yule yule.

Miezi hii ya mwisho Bi Grisi alikosa raha. Hakuogopa kustaafu, aliogopa “wiki ijayo” ya mtu mwingine. Mrithi wake ni baba wa makamo aliyeendesha malori maisha yake yote, mwili wake mkubwa hata akiingia kwenye gari letu huonekana amelivaa. Tulikuwa na wasiwasi nao wote wawili, yeye na Bi Grisi.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yake kufanya matengenezo peke yake. Bi Grisi aliwekewa kiti uani, akapewa chai na kukatazwa kuinuka. Yule baba alimwaga oili ya zamani, akabadilisha filta, akakaza nati ya chini. Akatia oili mpya, akawasha, akazima. Tukadhani amemaliza. Akalala tena chini kwenye saruji, na ule mwili wake, akapitisha kidole kuzunguka nati kuona kama inavuja. Kisha, bila kuambiwa, akainuka, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki chini ya boneti na kuyatazama.

Bi Grisi alishusha pumzi ndefu. “Haya,” alisema. “Sasa nikilala, nitalala.” Akanywa chai yake yote ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Dada yetu, asante kwa kila kilima ulichotupandisha na kila mama uliyemfikisha kwake. Nenda ukapumzike na mzee wako. Mlima tutaupanda, na breki tutaziangalia. Maisha yako ya ustaafu yawe marefu, yenye afya na usingizi wa kutosha.