Hoteli ya Fundi

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liliegemea ukuta wa kibanda cha ushonaji, kwa hiyo kila neno lililosemwa pale lilipita dirishani na kumfikia Fundi kwenye cherehani yake. Asubuhi hiyo alitoka nje mwenyewe, mwanawe mgongoni, simu mkononi. Chama cha mafundi nguo kilikuwa kimemwalika kwenye mkutano mjini, akawaonyeshe wenzake namna anavyoshona sare za shule zinazoongezwa urefu mtoto akikua. Chumba angelipiwa, yeye achague tu hoteli kati ya tatu, na jibu lilitakiwa kabla ya adhuhuri. Hakuwahi kulala hotelini. Wala hakuwahi kulala mbali na mtoto huyu, ambaye bado alinyonya na chupa hakuitaka hata kuiona. Akauliza kwa sauti ndogo, macho kwenye kandambili zake:

— Jamani, mtu anachaguaje hoteli?

Benchi likachangamka.

— Taulo, alisema Meneja, ambaye hakuwahi kusimamia kitu ila alivaa koti hata juani. — Uliza taulo zao ni rangi gani. Nyeupe, ingia. Za kahawia, kuna jambo wanaficha.

— Achana na taulo, alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, akichungulia picha za hoteli kwenye simu ya Fundi. — Hii ya kwanza ni ghorofa tupu mpaka mawinguni. Ukilala kule juu damu yote inashuka miguuni. Unafika mkutanoni kichwa kitupu.

— Wewe ulilala ghorofa ya ngapi? Mama Birika alimchokoza huku akimimina kahawa.

— Shemeji, usiniharibie hoja.

— Ya pili ina bwawa la kuogelea, alisema Fundi.

— Nani anaogelea? alisema Meneja. — Wakubwa wanaketi pembeni, miguu majini, wanapeana kazi. Anayekaa ukumbini anaambulia kalamu.

— Na milango yake haina funguo, ni kadi, alisema Redio. — Kadi ikinuna, unalala nje ya mlango. Beba bisibisi.

— Aingie hotelini na bisibisi? alisema Meneja. — Watamdhania mwizi wa vitasa.

— Kwani si fundi?

Fundi alicheka, na kicheko kikamwamsha mtoto. Akamhamishia mbele, akamfunika kwa mtandio, akamnyonyesha.

Hapo akafika mwanamke mgeni pale benchini, mteja aliyekuja kuchukua sare ya binti yake. Alisikiliza kidogo, akamtazama Fundi, akamtazama mtoto.

— Samahani, alisema. — Mama huyu akiwa anasema mbele ya watu, mtoto atakuwa na nani?

Meneja alifunga kifungo cha koti. Redio alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Fundi aliinamisha kichwa. Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Mumewe alikuwa kazini mbali, mama mkwe hajiwezi. Kwenye simu alikwisha kuandika, "Samahani, sitaweza." Alikuwa hajatuma tu.

Mama Birika aliweka birika chini.

— Mkutano wenyewe unafanyika wapi, mwanangu?

— Hoteli ya tatu. Ukumbi uko chini, vyumba viko juu.

— Basi ndiyo hiyo. Nitakaa chumbani na mjukuu wangu. Akilia nashuka naye, unanyonyesha, unarudi kwa wenzako.

— Na kahawa? Meneja aliuliza kabla hajajizuia.

— Mpaka tutakaporudi.

Wanaume wale wawili walitazamana. Mtaa mzima haukuwa na kahawa nyingine ya kunyweka.

— Tutakunywa maji, alisema Redio.

— Maji ni mazuri kwa damu, alisema Meneja. — Ila Mama Birika, taulo uziangalie.

Fundi alifuta maneno yake ya zamani, akaandika jina la hoteli ya tatu, akatuma. Kisha akalichukua birika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto, akawamiminia kahawa iliyobaki, akianza na Mama Birika. Tone la mwisho alimpa yule mteja, na benchi zima likasogea ili naye apate pa kukaa.