Aliyewarudisha Watu wa Januari Mosi

Abdimalik Warfa anastaafu tarehe mosi Januari, baada ya kuandika programu za kompyuta katika ofisi yetu hapa Garissa kwa miaka ishirini na saba. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa tarehe hiyo. Msidhani mama yake aliiandika mahali. Huku kwetu asiyejua siku yake karani humpa Januari mosi, na mimi Rahmo ninayewapikia chai nilipewa hiyo hiyo.

Alianza na daftari, akihesabu mbuzi sokoni. Kompyuta alijifunza mwenyewe, akatengeneza orodha ya wafugaji inayotumika mpaka Elwak. Kikombe chake hakukirudisha jikoni hata siku moja. Hilo nalo liandikwe.

AI ilipokuja, vijana walidhani mzee ataikimbia. Aliitumia kila siku: imwandikie vipande vidogo, imtafutie kosa, imweleze programu ya zamani aliyoiandika mwenyewe akaisahau. Lakini alisoma kila mstari iliompa, kidole kwenye kioo, kama mtu anayekagua meno ya ngamia kabla ya kununua. Vijana wetu wao walinakili, wakabandika, wakarudi kwenye simu zao. Wanajijua.

Kisha ukaja ukame. Ruweyda, binti hodari mwenye haraka, aliiambia AI imwandikie programu ya kuondoa waliojirudia kwenye orodha ya Habaswein ya nyasi za msaada. Ikaandika kwa dakika moja. Jina moja, jina la baba moja, tarehe moja ya kuzaliwa: ikahesabu ni mtu mmoja. Watu 1,912 wakawa 1,304, na malori yanaondoka kesho yake.

"Hawa mia sita wamekufa wote jana?" Abdimalik alimuuliza. "Mbona hatujasikia kilio?"

"Adeer," akamwita kwa heshima kama ami yake, "mashine inasema wamejirudia."

"Mashine imefika Habaswein lini?"

Akaketi akasoma mpaka akaupata mstari wenyewe. AI haikuijua Januari mosi yetu, na hakuna aliyeiambia. Habaswein wapo akina Mowlid Kadar wanne, kila mmoja na mbuzi wake wenye njaa; ikabakiza mmoja. Akaiamuru iongeze jina la babu, ikatii, tena kwa adabu. Hakuridhika. Alimpigia chifu simu, wakasomeana majina hadi adhana ya Magharibi. Waliojirudia kweli walikuwa kumi na saba tu, na hao bila mashine tusingewaona. Malori yakaondoka na orodha iliyo sawa.

Ruweyda alilia. Nilimwambia machozi hayalishi mbuzi, asome.

Tangu barua ya kustaafu ilipotoka, ofisi nzima inanong'ona nani atasoma sasa. Niwajibu. Mwezi huu Ruweyda aliieleza AI kwanza majina yetu yanavyokwenda na tarehe zetu zilivyo, akaisoma kazi yake mstari kwa mstari, kisha akapiga simu Habaswein mwenyewe. Abdimalik alikuwa mezani pake anakunywa chai. Hakuitwa.

Ahsante, Abdimalik, kwa ukaidi wako. Nenda Elwak kwa mkeo Ugbad na ngamia wenu, Mola akupe afya na mvua ya wakati wake. Simu usiizime, ila tukikupigia iwe ni salamu tu.