Risala ya Wapiga Koleo wa Jukwaa la Kaskazini Kuhusu Kengele ya Mzee Dudek

Mgeni Rasmi, Bi Adelaide Strand, mmiliki wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Fuawe ya Port Haskell; viongozi wa klabu mliofuatana naye; wapiga koleo wenzetu; na wewe Bwana Tibbs wa ulinzi, ambaye tulikuomba usimame karibu na kweli umesimama karibu:

Sisi wapiga koleo wa Jukwaa la Kaskazini tunakushukuru kwa kupanda ngazi zote hizi kuja kutuona kabla ya mechi ya mwisho ya msimu. Marehemu baba yako alikuwa akija mara moja kila mwaka, anakula soseji moja, anatuambia mwakani mambo yatanyooka, kisha anashuka. Tulimpenda sana. Soseji yako iko tayari. Pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha zenye viazi, zimepikwa na Bi Halina Sroka kule maegeshoni tangu alfajiri, na ukiziacha zipoe atajua.

CHIMBUKO LETU

Mgeni Rasmi, kikundi hiki hakikuanzishwa na mtu, kilianzishwa na theluji ya Ziwa Erie. Ikianguka usiku wa kuamkia mechi, sisi hufika kabla ya jua, kila mtu na koleo lake, tukafukua mabenchi na ngazi. Klabu hutupa kahawa. Halafu tunakwenda nyumbani kubadili soksi, tunarudi na tiketi zetu, tunakaa palepale tulipofukua.

Kazi yetu ya pili ni kelele. Wageni wakiwa na mpira, tunapiga kelele hadi wasisikie maagizo ya mrusha mpira wao. Vijana wetu wakiwa na mpira, tunanyamaza kama tuko kanisani. Anayetuongoza ni Mzee Casimir Dudek, mfua chuma mstaafu, kwa kengele ya zamu aliyopewa siku kiwanda kilipofungwa. Kengele ikilia, tunapayuka. Ikinyamaza, hata mwenye kikohozi anakimeza.

MAFANIKIO

Msimu huu timu imecheza mechi kumi na sita na imeshinda mbili. Kamati ilijadili kama hili liwekwe chini ya mafanikio, ikaonekana halina pengine pa kukaa.

Mafanikio mengine ni kwamba jukwaa hili halijawahi kuwa tupu. Tulifungwa kwenye jua, tulifungwa kwenye mvua, na siku ya ukungu tulifungwa bila kuona, tukaambiwa baadaye. Watu walikuja tu. Mwezi wa kumi, mpira wetu ulipomgonga mchezaji wetu mgongoni ukaokotwa na adui, Bi Sroka alimgeukia Mzee Dudek akamwuliza, "Casimir, hivi sisi tuna akili kweli?"

Mzee Dudek akamjibu, "Tungekuwa nazo tungekuwa nyumbani, Halina. Lete soseji."

Ndivyo tulivyo, Mgeni Rasmi, na tunakuomba utuzoee.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, nayo ni mechi yetu na timu ya Tulsa.

Siku ile theluji ilikuwa inaanguka kwa upande. Fuawe huvaa kijivu na Tulsa walivaa nyeupe, lakini kufikia robo ya mwisho uwanja mzima ulikuwa na watu weupe wanaoangushana. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Tulsa walikuwa na mpira huku upande wetu, wamebanwa hatua tatu kutoka kwenye mstari wao wa mwisho. Kengele ikalia, tukapayuka, na kwa neema ya Mungu mpira ukawaponyoka. Likatokea rundo la watu. Refa alinyoosha mkono kuonyesha mpira ni wa nani. Mkono wa refa, Mgeni Rasmi, nao ulikuwa mweupe.

Mpira ulikuwa wetu. Kijana wetu mmoja alikuwa ameulalia. Zilibaki hatua tatu tu tushinde, na kazi yetu ilikuwa kunyamaza.

Mzee Dudek hakuuona mkono wa refa. Aliendelea kupiga kengele, nasi tuliendelea kupiga kelele. Mrusha mpira wetu, Colby Rusk, alitugeukia akatuonyesha kwa mikono miwili tushushe sauti. Tulidhani ni mtu wa Tulsa anatuomba huruma, kwa hiyo tukaongeza. Vijana wetu hawakusikia hata neno moja la maagizo. Mmoja alitoka kabla ya mpira kuanzishwa, refa akawarudisha nyuma. Wakajipanga upya, akatoka mwingine, wakarudishwa tena. Sisi huku tulikuwa tunapongezana. Wapo waliokumbatiana. Muda ukaisha, Tulsa wakaanza kurukaruka, na ndipo tulipoelewa tumemfunga nani.

Jukwaa zima lilikaa kimya, kimya kilekile kilichokuwa kinahitajika dakika tatu kabla.

Siku ya pili yake ofisi ya klabu ilichukua kengele ikaifungia stoo, na Mzee Dudek akazuiwa kuingia kwenye mechi hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Tulikwenda ofisini kundi zima kusema kwamba tuliopiga kelele ni sisi sote. Tukajibiwa kwamba kumzuia mmoja ni rahisi zaidi. Tulipompelekea habari, alikuwa jikoni kwake anamenya viazi. Alisema, "Waacheni. Mimi ndiye niliyepiga kengele. Nyie mlinifuata tu kwa heshima."

Bi Sroka akamwambia, "Heshima gani, wewe mzee? Mimi nilikuwa napayuka kabla yako."

Akacheka kidogo, lakini viazi aliviacha. Inatuuma, Mgeni Rasmi. Hili hatuwezi kulisema kwa namna nyingine. Tangu mkewe Irena afariki, Jumapili zake ni hizi.

Kwa faida ya viongozi mliopo, tunapenda ikumbukwe kwamba timu imefungwa mara kumi na nne, na sisi tulihusika na moja. Kwa hizo kumi na tatu nyingine hatujamzuia mtu yeyote.

MAOMBI

Ombi la kwanza lilikuwa choo cha jukwaa hili. Kamati imeliondoa ili lisizibe njia ya la pili.

Ombi la pili linaanzia asubuhi ya leo. Ulipoamka, bila shaka uliona theluji iliyoanguka. Sisi tulipofika getini na makoleo, tulimkuta Mzee Dudek ametutangulia. Bwana Tibbs, ambaye ni mtu mwema na ana kazi ya kulinda, alimwambia, "Mzee wangu, unajua huruhusiwi kwenye mechi."

"Mechi ni saa saba mchana, mwanangu," Mzee Dudek akasema. "Saa hizi hakuna mechi. Kuna theluji."

Bwana Tibbs aliangalia huku, akaangalia kule, halafu akakumbuka kwamba ana shughuli upande wa pili wa uwanja. Tunaomba asiadhibiwe.

Mzee Dudek alifukua ngazi hizi ulizopanda, na ndiyo maana hukuteleza. Kahawa ya klabu aliikataa, alisema si haki yake kwa sasa. Mageti yalipokaribia kufunguliwa, alijipangusa mabegani akatoka mwenyewe. Yuko kule maegeshoni nyuma ya uzio, karibu na jiko la Bi Sroka, na redio ndogo mfukoni. Hawezi kuona uwanja. Mechi ikianza atatusikiliza tukipiga kelele ili ajue mpira ni wa nani, na baada ya mechi ya Tulsa unaweza kuelewa shida atakayoipata.

Msimu mwingine utaanza Septemba. Mzee Dudek ana miaka themanini na mmoja. Hapo hatutaki kuongeza neno.

Kengele ikibaki stoo, sawa, tutatumia vifuniko vya sufuria. Ila mahali ulipoketi sasa, Mgeni Rasmi, ndipo anapokaa yeye. Tumekuketisha hapo kwa sababu ndipo palipofukuliwa vizuri kuliko pote. Alipofanya kazi hapo asubuhi tulimwambia mgeni atakuwa wewe, akavua glavu, akapakausha kwa skafu yake, akasema baba yako alikuwa anachukia kukaa kwenye maji.

Hatukuombi uondoke. Mabenchi yetu ni marefu na hayana mipaka.

Tunakuomba usogee kidogo.

Mungu akupe afya na moyo wa kutuvumilia, awape Fuawe mikono inayoshika mpira, na mwakani theluji ianguke wima. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wapiga koleo wa Jukwaa la Kaskazini, Port Haskell: sote tulio hapa ndani, na mmoja aliye nje ya uzio.