Mwenye Benchi la Wabishi Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ifikapo tarehe 30 Juni muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya maumivu sugu atavua sare na kwenda nyumbani. Kwenye vyeti ana jina lake kamili, lakini hapa hospitalini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, tunamwita Mama Taratibu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, chumba changu kinapakana na chake, na nimesukumiwa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu wenzangu wote walidai wakishika kalamu watalia. Utadhani mimi nina moyo wa jiwe.

Alianzia wodi ya mifupa, akasifika kwa mkono mwepesi wa sindano na mdomo mwepesi zaidi. Miaka kumi na minane iliyopita akaomba kuhamia kliniki yetu, ambayo wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya mashuka. Watu walishangaa. Nani anaacha wodi yenye heshima zake aje kukaa na wagonjwa ambao vipimo vyao vyote ni safi?

Maana wengi wa wagonjwa wetu ndivyo walivyo. Wana fibromialjia: mwili mzima unauma, wanalala na kuamka wamechoka, kichwa kizito, na ukipima damu au kupiga picha huoni kitu. Mama Taratibu aliwaeleza kwamba mwili wao ni kama redio iliyoharibika kitufe cha sauti. Habari ni ileile, ila inapiga kelele. Hakumdanganya mtu kwamba ipo dawa ya kuumaliza ugonjwa. Aliwaambia kuna vidonge vinavyowasaidia baadhi, kuna kupanga usingizi, na kuna mazoezi ya kidogo kidogo, na hapo ndipo alipolipatia jina lake. Fundi uashi mmoja aliambiwa atembee hadi getini na kurudi. Siku hiyo alijisikia vizuri, bwana, akapitiliza hadi sokoni, akarudishwa kwa pikipiki na akashinda kitandani wiki nzima. Weee, alisemwa huyo!

Lakini kilichomtambulisha hasa ni benchi lake. Kila mgonjwa mpya alipewa sharti moja: uje na mbishi wako, yaani yule wa nyumbani asiyeamini kwamba unaumwa. Waume walikuja wamenuna, mama wakwe wamebana pochi kwapani. Aliwakalisha kwenye benchi la bluu karibu na dirisha, akawaomba wainue mikono kama wanaoanika nguo, wasiishushe mpaka amalize kuwaeleza ugonjwa. Na maelezo yake hayakuwa mafupi. Jamani, tumeona wanaume wa miraba minne wakiomba radhi kabla hajafika katikati. Mama mkwe mmoja aliondoka akiwa amembebea mkwewe mkoba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenyewe ametutaka tuliandike, tena bila kumung'unya maneno. Mbishi wa kwanza alikuwa yeye.

Ana mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, aliyekuwa fundi cherehani. Mama Taratibu akiwa bado wodi ya mifupa, mdogo wake alianza kuumwa mwili mzima, hata kuinua mikono ikawa shida. Akamleta hapa, vipimo vikatoka safi. Familia ilipokaa kikao, wote walimgeukia muuguzi wao. Akasema mdogo wake haumwi, ni uvivu na deko tu. Kwa kuwa ndiye aliyesomea mambo hayo, neno lake likawa hukumu. Mdogo mtu akalazimishwa kurudi kwenye cherehani mpaka mwili ukagoma kabisa. Mumewe akamwacha, huku akirudia maneno yaleyale ya shemeji yake. Tangu hapo mdogo mtu akamfungia dada yake mlango.

Miaka ilipita, akaja daktari kuwafundisha wauguzi kuhusu fibromialjia. Kabla hajamaliza kutaja dalili, Mama Taratibu alinyanyuka akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akapiga hodi, hakufunguliwa. Wiki hiyohiyo akaomba uhamisho wa kuja kwetu. Alirudi kupiga hodi mara nyingi, na kila mara aliambiwa na majirani kwamba mwenyewe yumo ndani. Mdogo wake akawa anakwenda kutibiwa hospitali ya mbali, na maumivu yake yote yale, ili tu wasikutane kwenye korido hizi. Inauma kuliandika hili. Watu wengi wameaminiwa majumbani kwao kwa sababu ya mwanamke huyu, na mdogo wake hakuwa mmoja wao.

Uongozi ulimwomba aongeze mkataba. Tulijua atakubali, maana huyu likizo tu zilikuwa zikimpa homa. Akakataa. Mdogo wake alikuwa ametuma salamu kupitia kwa binti yake: hawezi tena kujiosha nywele, na binti anahamia mbali, kama dada anataka kuja Jumamosi, aje. Msamaha hakuutaja. Mama Taratibu alitupa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni kwangu, analia kama mtoto, nasi hatukujua tumpe pole au hongera.

Jumamosi iliyopita alikwenda. Anasema mdogo wake hakutamka neno, tangu maji ya kwanza hadi taulo. Nywele zote zimekuwa nyeupe, na yeye hakuwepo zilipokuwa zikigeuka. Alipofika mlangoni ili aondoke ndipo akasikia nyuma yake kwamba wiki ijayo maji yawe ya moto kidogo zaidi.

Dada yetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wagonjwa, na wabishi uliowanyoosha, ahsante sana. Kliniki itapwaya bila wewe. Tunakutakia afya njema, na Jumamosi nyingi.